Kutoka Mgeni hadi Mwekezaji: Historia ya Viwanda vya Kilimanjaro katika Msamiati wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Kahe ni tambarare iliyo kusini-mashariki ya mji wa Moshi, mahali ambapo maji ya Kilimanjaro hupunguza mwendo na kuanza kuutafuta mto Ruvu. Wenyeji wake wana lugha yao, Kikahe, ambayo wanaisimu huiweka katika kundi moja na lahaja za Kichaga, Kirwa cha Meru na Kigweno cha Upare. Katika ramani za reli, hata hivyo, Kahe inajulikana kwa sababu nyingine: ndipo njia itokayo Tanga ilipokutana na njia itokayo Voi. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuleta mtaji katika mkoa huu, au kutoa mazao yake, alipita Kahe au karibu nayo.

Mhadhara huu unahusu viwanda vya Kilimanjaro na watu wa mbali walioweka mali zao humo. Wachumi wameyaeleza mambo haya kwa takwimu, na wanahistoria kwa nyaraka. Mimi nitayaeleza kwa chombo cha fani yangu, yaani maneno. Kila kipindi katika historia ya viwanda hivi kilimpa mwenye mtaji jina lake katika Kiswahili: mgeni, mlowezi, bepari, mfadhili, mbia, na sasa mwekezaji. Hoja yangu ni kwamba majina haya yana kumbukumbu ya uhusiano kati ya anayekuja na anayekutwa, na kwamba neno tunalolitumia leo linamtaja anayekuja huku likimwacha anayekutwa bila nafasi katika sentensi. Hilo si jambo dogo kwa mkoa ambao wakulima wake walikuwa na mtaji wao wenyewe kabla neno uwekezaji halijaenea.

2.0 Kiwanda kabla ya viwanda

Tuanze na neno kiwanda lenyewe. Kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni mahali peupe pa kufanyia kazi, uwanja mdogo, au banda la fundi. Ni ndugu wa uwanda na kiwanja. Maana ya jengo kubwa lenye mitambo na kengele ya zamu ilikuja baadaye. Kando yake tunalo neno karakana, lenye asili ya Kiajemi, lililotufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa muda mrefu maneno hayo mawili yaligawana kazi moja, hadi kiwanda kilipochukua mitambo na karakana ikabaki na mafundi na matengenezo.

Kwa maana ya zamani, basi, Kilimanjaro na Upare vilikuwa na viwanda kabla ya ukoloni. Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, palifuliwa chuma, na ukoo wa Washana ulijulikana kwa ufundi huo. Majembe, mikuki na silaha nyingine zilifika katika himaya za Uchagani kwa kubadilishana na mifugo na vyakula. Mlimani kwenyewe wahunzi walikuwa na heshima iliyochanganyika na hofu. Ipo pia kazi nyingine ambayo si desturi kuihesabu kuwa ya viwanda, ingawa ilihitaji vipimo, mpangilio na nguvu za watu wengi: uchimbaji wa mifongo, yaani mifereji iliyoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, na katika sehemu nyingine hadi tambarare. Maneno mfongo na kihamba yameingia katika Kiswahili cha Moshi kwa sababu Kiswahili cha pwani hakikuwa na vitu hivyo.

Mtu wa mbali katika kipindi hicho aliitwa mgeni, na neno hilo lilikuja na masharti yake. Methali zetu mbili zinayaweka wazi. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huzitaja methali hizi kana kwamba zinapingana, ya kwanza ikikaribisha na ya pili ikifukuza. Mimi naziona kuwa mkataba mmoja wenye vifungu viwili. Kifungu cha kwanza kinataja faida ya mwenyeji, na cha pili kinataja wajibu wa mgeni. Mwalimu Nyerere aliitumia methali ya pili katika maandishi yake kuhusu ujamaa ya mwaka 1962, akiwa na nia ya kueleza kwamba katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa mada yetu, la msingi ni kwamba maneno mgeni na mwenyeji huenda pamoja. Hakuna mgeni pasipo mwenyeji.

3.0 Reli, mlowezi na manamba

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukaenda kwa kusitasita, na reli ikafika Moshi mwaka 1911. Zipo hadithi zinazodai kwamba mji uliitwa Moshi kwa ajili ya moshi wa garimoshi. Isimu ya kihistoria haiziungi mkono. Moshi lilikuwa jina la himaya ya Mangi Rindi, aliyempokea mmisionari Charles New mwaka 1871 na kutuma wajumbe wake Ujerumani mwaka 1889, miaka mingi kabla ya reli. Mji uliokua stesheni ulichukua jina la mlimani, na mlima ukalazimika kuitwa Moshi ya Kale. Huo ni mfano wa kwanza wa jambo tutakaloliona tena: kitu kipya kinapofika tambarare, hubeba jina la wenyeji hata kama wenyeji hawakukimiliki.

Kahe iliingia katika historia ya dunia mwezi Machi 1916, pale majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipopigana na Wajerumani kandokando ya mito yake. Waingereza walikuwa wakijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka huohuo wa 1916 reli hiyo ikaungana na ile ya Tanga hapo Kahe. Vita vilipokwisha, reli iliyojengwa kwa ajili ya mizinga ikabaki kwa ajili ya magunia. Mazao ya mlima yakapata njia mbili za kufikia bahari, ya Tanga na ya Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia ikaendelezwa hadi Arusha. Hicho ndicho kilichokuwa kivutio cha kwanza cha mkoa kwa wenye mitaji: udongo, maji, na makutano ya reli.

Waliokuja kwa kivutio hicho waliitwa masetla, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, au walowezi, neno lililoundwa kwa kitenzi cha Kiswahili, lowea, yaani kuzoea mahali hata kufanya makazi. Angalieni tofauti kati ya mgeni na mlowezi. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, ilhali mlowezi hugawa majembe. Ardhi kubwa chini ya ukanda wa vihamba ilichukuliwa kwa mashamba ya mkonge, kahawa na mazao mengine. Wafanyakazi walioletwa kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Siku zao za kazi zilihesabiwa katika kipande, kadi iliyowekwa alama kila siku moja ya kazi ilipotimia. Msimamizi wao alikuwa mnyapara, neno lililokwisha kuongoza misafara ya wapagazi kabla ya kuongoza mistari ya mkonge, na chakula chao kilikuwa posho, neno ambalo leo limepanda cheo na kuhamia katika semina za maofisa.

Mwaka 1930 tajiri wa meli wa Denmaki, A. P. Møller, aliingia katika kampuni iliyoitwa Tanganyika Planting Company, huko Arusha Chini, jirani na Kahe. Katika muongo huohuo kampuni ilijenga kiwanda cha sukari, na miwa ikawa zao kuu. Herufi tatu za jina lake, TPC, zimekuwa jina la mahali. Hadi leo mtu husema anakwenda TPC kama anavyosema anakwenda Himo, na wasemaji wengi hawana haja ya kujua kirefu chake. Makabila mengi yalikutana katika kambi za shamba hilo, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na baadaye ya nyumbani. Yeyote anayechunguza jinsi lugha ndogo kama Kikahe zilivyopoteza wasemaji hana budi kuitazama miwa na mkonge kama anavyoitazama shule.

4.0 Mwanachama: mtaji usio na jina la mtaji

Kahawa ilianza kupandwa mlimani katika miaka ya 1890 kwa mkono wa wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema. Wenyeji waliichukua na kuifanya yao, wakaipanda kivulini mwa migomba katika vihamba vyao. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Baada ya misukosuko, chama hicho kilirithiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanza kazi mwaka 1933.

Kwa mtazamo wa viwanda, KNCU inahitaji kuelezwa kwa makini zaidi kuliko ilivyo desturi. Mkulima humenya kahawa yake kwa mashine ya mkono, huivundika, huiosha na kuianika. Hapo bado haiuziki katika soko la dunia. Yahitaji kukobolewa ganda la ndani, kupepetwa na kupangwa kwa madaraja, kazi ambayo hufanywa kiwandani. Moshi ukawa mji wa kukobolea kahawa, kisha mji wa kuiuzia kwa mnada. Fedha zilizolimbikizwa na wanachama zilijenga maghala, majengo mjini na shule vijijini. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, chuo ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa shwari. Sheria ya kikoloni ilimlazimisha mkulima auze kahawa yake kupitia KNCU, na bei ilipoanguka mwaka 1937 ghasia zilizuka na maghala ya ushirika yakashambuliwa. Hata hivyo ghasia hizo zenyewe zinathibitisha hoja yangu. Mtu huwa na nguvu ya kumdai mwenziwe hesabu pale lugha inapomtambua kuwa ni mwenza. Neno ushirika limetokana na shirika, na kitenzi chake cha kawaida ni kushirikiana, ambacho kwa muundo wake hakiwezi kuwa na mtendaji mmoja. Mwanachama naye ni mwana wa kitu, na anahesabika.

Lakini tazameni pengo lililopo. Mkulima aliyetoa ardhi yake, jasho lake na sehemu ya mauzo yake ili kiwanda kisimame hakuitwa mwenye mtaji. Aliitwa mkulima au mwanachama. Na neno bepari, ambalo asili yake katika lugha za Kihindi ni mfanyabiashara tu, lilikuwa tayari kwenda upande mwingine kabisa.

5.0 Kutaifisha, na kuja kwa mfadhili

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilibadili msamiati pamoja na umiliki. Bepari akawa adui, na pamoja naye kabaila, kupe na mnyonyaji. Kitenzi taifisha kikaundwa kwa nomino taifa, na kila aliyekisikia alielewa kwamba mali fulani imetoka mkononi mwa mtu ikaingia mkononi mwa wote. Katika Kilimanjaro mabadiliko hayo hayakuja siku moja. TPC, kwa mfano, haikuchukuliwa katika wimbi la 1967. Ilikuwa inakaribia 1980 ilipopita mikononi mwa serikali. KNCU nayo, ambayo haikuwa ya mgeni wala ya bepari, ilivunjwa mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika, na haikuweza kurudi mpaka baada ya sheria mpya ya mwaka 1982. Msamiati wa Azimio ulikuwa na jina la mnyonyaji na jina la taifa, lakini haukuwa na jina zuri la kumlinda mkulima aliyekusanya mtaji wake mwenyewe.

Kipindi hicho kilikuwa na juhudi kubwa ya viwanda. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilianzishwa mwaka 1965, na SIDO, la kuhudumia viwanda vidogo, mwaka 1973. Moshi palikuwa na viwanda vya magunia, ngozi na viberiti. Katika barabara ya kwenda Machame kilijengwa kiwanda cha zana za mashine, yaani kiwanda cha kutengeneza mashine zinazotengeneza vipuri, kwa msaada wa Bulgaria. Japani nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilisaidia kuanzisha kituo cha kuendeleza viwanda mjini Moshi, kituo cha kilimo, na skimu ya umwagiliaji ya mpunga huko Chekereni, kilometa chache kutoka Kahe, iliyokamilika mwaka 1987.

Mtu wa mbali sasa aliitwa mfadhili. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, linatokana na fadhila, na fadhila haidaiwi. Mfadhili huleta mitambo, huleta wataalamu, na muda wake ukiisha huondoka kwa heshima. Hapewi jembe, kwa kuwa hakuja kukaa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kiwanda kama kile cha zana za mashine. Kilitegemea viwanda vingine vya nchini vije kununua mashine na vipuri vyake, na viwanda hivyo vilipodhoofika katika miaka ya 1980, nacho kikakosa wateja. Mfadhili hakuwa na hasara ya kumrudisha. NDC, ambalo ndilo lenye mali, limekuwa likijitahidi kukifufua katika miaka ya karibuni. Wakati huohuo njia ya Mombasa ilikuwa imezibwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na tawi la reli kutoka Kahe kwenda Taveta likapoteza kazi yake. Makutano ya Kahe yakawa makutano kwa jina tu.

6.0 Mwekezaji

Sheria ya kuvutia na kulinda vitega uchumi ilipitishwa mwaka 1990. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilianza kazi katika miaka ya mwanzo ya 1990. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 iliunda Kituo cha Uwekezaji, TIC. Sheria hiyo ilipisha nyingine mwaka 2022, na mwaka 2025 TIC na mamlaka iliyosimamia maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje viliunganishwa kuwa chombo kimoja. Katika miaka hiyo maneno mawili yalienea nchi nzima: ubinafsishaji na mwekezaji.

Tulichambue la pili. Kitenzi weka kina mnyambuliko wekea, na mnyambuliko huo unamdai mtu: humwekea nani? Kina pia mnyambuliko wekeza, ambao katika matumizi ya leo unadai kitu na mahali. Husemwa kwamba kampuni imewekeza fedha Moshi, au imewekeza katika sukari. Haihitajiki kutaja mtu. Linganisheni na vitenzi vingine vya uchumi. Kumkopesha, kumwajiri, kumlipa, kushirikiana na: kila kimoja kina kiti cha mtu wa pili. Mbia daima ni mbia wa fulani. Mgeni ana mwenyeji. Mwekezaji peke yake hahitaji yeyote. Kwa istilahi ya fani yetu, uelekezi wa kitenzi umemwacha mwenyeji nje.

Jambo la pili ni la maana isiyotajwa. Sheria ya 1997 ilitambua wawekezaji wa aina mbili. Mgeni alitakiwa kuwa na mtaji usiopungua dola 300,000 za Marekani ili kupata cheti na nafuu zake, na mwananchi dola 100,000. Lakini katika mazungumzo ya kawaida, mtu akisema tu kwamba mwekezaji amekuja kijijini, wasikilizaji humfikiria mtu wa nje. Ili kumtaja wa ndani huna budi kuongeza kivumishi: mwekezaji mzawa, mwekezaji mzalendo, mwekezaji wa ndani. Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame aliyefariki mwaka 2019, alimiliki Bonite Bottlers, kiwanda cha vinywaji cha Moshi ambacho bidhaa zake zimeenea kaskazini yote. Wengi walimwita mfanyabiashara au tajiri. Neno mwekezaji halikumkaa vizuri, ingawa alistahili kuitwa hivyo kuliko wengi waliopewa jina hilo.

Matokeo ya kipindi hiki mkoani hayakuwa ya namna moja, na hatuna budi kuyaeleza bila upendeleo. TPC ilibinafsishwa mwaka 2000 kwa wawekezaji wenye asili ya Morisi, serikali ikibaki na robo ya hisa. Uzalishaji wa sukari uliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka iliyofuata. Sababu zinajulikana: wanunuzi walikuwa watu wa sukari kwao, mali ghafi ilikuwa imezunguka kiwanda, na soko la sukari nchini lilikuwa na kinga. Tena hapakuwa na mwekezaji tu, palikuwa na ubia.

Mfano wa pili ni wa bia. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kampuni ya East African Breweries ya Kenya ilianzisha Moshi kiwanda cha Kibo Breweries. Mwaka 2002 kampuni hiyo na washindani wake kutoka Afrika Kusini walikubaliana kugawana masoko. Kiwanda cha Moshi kilifungwa, na kile cha washindani kilichokuwa Thika, Kenya, kikafungwa pia. Kila upande ukapata asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenziwe, huku Tanzania na huko Kenya. Kwa wenye hisa lilikuwa jambo la busara. Kwa wafanyakazi wa Moshi na wa Thika, uamuzi huo mmoja ulifunga milango miwili. Kiwanda hicho kilibeba jina la kilele cha mlima, lakini jina hilo halikuwa na kura katika kikao kilichokifunga. Baadaye Moshi ilipata tena kiwanda cha bia, safari hii cha Serengeti Breweries, ambayo hisa zake nyingi zilinunuliwa na kampuni ileile ya Kenya mwaka 2010.

Mfano wa tatu ni wa viatu na ngozi katika eneo la Karanga, ambako Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, wameungana kuendesha kiwanda. Humo fedha ni michango ya watumishi wa umma, yaani walimu, wauguzi na makarani. Hao nao wamewekeza, lakini ni wachache kati yao wanaojiona kuwa wawekezaji.

7.0 Kivutio ni nini?

Nilitaja neno kivutio. Katika Kilimanjaro neno hili lina kazi mbili. Theluji ya Kibo ni kivutio cha utalii, na msamaha wa kodi ni kivutio cha uwekezaji. Kutumia neno moja kumetuzoesha kuona kwamba vitu hivyo ni vya aina moja, navyo si vya aina moja. Cha kwanza kipo, na cha pili tunakitoa. Anayetoa yafaa ajue anapata nini.

Vivutio halisi vya mkoa huu vimebadilika kidogo sana tangu 1911. Ni maji, udongo, watu waliosoma mapema, na njia ya kwenda baharini. Treni ya mizigo ilirudi Moshi mwezi Julai 2019 na ya abiria mwezi Desemba mwaka huohuo, baada ya kimya cha miaka mingi. Maji yanatoka juu, yanapita katika mifongo na mito, yanafika Kahe, Chekereni na Arusha Chini, na kuishia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Njiani yanagombaniwa na kihamba, mpunga, miwa, mji na umeme. Tangu 1991 iko ofisi ya serikali inayosimamia maji ya Bonde la Pangani, na kila mwenye kuyachota kwa wingi hutakiwa kuwa na kibali. Lakini mfongo ulichimbwa na watu ambao hawakuwa na kibali wala cheti cha mwekezaji. Mkulima wa Kahe anapopungukiwa na maji ili kiwanda kipate, ametoa mtaji. Lugha ya mkataba haina safu ya kuuandika mtaji huo.

8.0 Hitimisho

Sidai kwamba neno peke yake hujenga kiwanda au hukifunga. Mashine hazifuati sarufi. Ninachodai ni kwamba neno huamua nani ataulizwa. Palipokuwa na mgeni, mwenyeji aliulizwa. Palipokuwa na mwanachama, kulikuwa na mkutano mkuu, hata kama ulikuwa na kelele. Palipo na mwekezaji, mara nyingi swali linaloulizwa ni moja: amevutiwa au hakuvutiwa?

Wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili wana kazi mbili za kufanya hapa. Ya kwanza ni ya kamusi. Tunapofafanua neno mwekezaji, tulieleze kwa namna ambayo itamwingiza mkulima wa KNCU, mchangiaji wa mfuko wa pensheni na mwenye maji wa Kahe, bila kuwadai kivumishi. Ya pili ni ya tafsiri. Kwa miaka mingi sheria na mikataba ya viwanda hivi iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaoishi kando ya viwanda hawaisomi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mlango umefunguliwa, lakini mlango si nyumba. Wanahitajika watu watakaoweza kuandika kifungu cha ubia, cha haki ya maji na cha kufunga kiwanda kwa Kiswahili kisicho na utata, na kukisoma kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji.

Methali zetu hazikumzuia mgeni. Zilisema aje, na zilisema mwenyeji apone. Kazi ya fani yetu ni kuhakikisha kwamba vifungu hivyo viwili vinaandikwa katika ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa.